Taja tundu kabla ya kulitazama

Hotuba kwa wamiliki wa bunduki wanaolenga shabaha kwa burudani, Mtwara

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu wa Mtwara mjini na Mikindani, na ninyi mliodamka usiku kutoka Masasi, Newala na Lindi, poleni na safari, karibuni sana. Sasa ni saa moja na nusu asubuhi na majani ya mikorosho bado yametulia. Ikifika saa nne upepo utakuwa umeshaamka, kwa hiyo nitazungumza kwa kifupi kadiri nitakavyoweza, kisha tushuke mstarini.

Kila anayelenga kwa burudani hufika mahali akakwama. Miezi ya mwanzo matundu yanasogeleana wiki hadi wiki, na moyo unafurahi. Halafu yanagoma. Mtu ana bunduki ndogo ya .22, yaani yenye mtutu mwembamba wa inchi 0.22, analenga mita 50, na matundu yake 10 yanabaki na upana wa sahani ya chai mwaka mzima. Hapo wengi hukimbilia dawa tatu, tena kwa mpangilio uleule: kwanza risasi nyingi zaidi, kisha darubini mpya, mwisho bunduki mpya. Kwetu huku kusini dawa hizo ni ghali kuliko kawaida, maana risasi hainunuliwi kama kiberiti. Ina kibali chake na hesabu yake. Na mara nyingi hazitibu, kwa sababu mgonjwa hajapimwa.

Tundu kwenye karatasi linakuonyesha risasi ilikopita. Halikuonyeshi kilichoipeleka huko. Tundu la chini kushoto linaweza kuwa limetokana na kidole kilichochapa triga, au upepo, au skrubu ya darubini iliyolegea, au risasi yenyewe isiyolingana na mwenzake. Ukiangalia karatasi peke yake, sababu hizo nne zinafanana. Anayerekebisha bila kujua ni ipi kati ya hizo nne anabahatisha, na akibahatisha mara tano mfululizo anakuwa ameivuruga hata bunduki iliyokuwa sawa.

Kwa hiyo nimekuja na jambo moja, na mengine yote nitakayosema yananing'inia juu yake. Tunaliita kutaja. Bunduki ikilia, kabla hujaitazama karatasi, sema kilengeo, yaani kile kinundu cha mtutu au msalaba wa darubini unaolengea, kilikuwa wapi wakati ule ule wa mlio. Usiseme ulikotaka kiwe. Sema kilipokuwa. "Juu kidogo, kulia." Kisha kiandike, ndipo utazame.

Hapa tukubaliane lugha mapema. Vitabu vya kigeni hutaja upande kwa saa, na kwao saa 3 ni kulia kabisa. Sisi tukisema saa tatu, mshale mfupi uko kwenye 9, yaani kushoto kabisa. Wawili wakisaidiana, mmoja akisoma namba na mwingine akisoma saa ya Kiswahili, watarekebisha darubini kinyume na kuipeleka mbali mara mbili. Hapa tutasema juu, chini, kushoto, kulia, na namba ya mzunguko. Basi.

Namna ya kufanya ni hii. Karatasi moja ya shabaha inatundikwa mbele, nyingine iliyo sawa nayo inakuwa mapajani pako au juu ya meza, pamoja na penseli. Kila mlio unaweka alama ya msalaba kwenye karatasi ya mapajani, mahali unapoamini risasi imekwenda, na namba yake pembeni. Milio 10. Kisha bunduki zote zikishawekwa chini zikiwa tupu, tunakwenda kuchukua karatasi za mbele na kuzilaza kando ya zile za penseli.

Misalaba ikiwa imetawanyika na matundu yametawanyika vilevile, kila moja karibu na msalaba wake, hiyo ni habari njema hata kama karatasi inatia aibu. Bunduki inakutii. Inapeleka risasi unakoielekeza, ila wewe unaielekeza huku na huku. Kazi yako ni mwili na kidole, na hata bunduki ya gharama gani haitakusaidia.

Misalaba ikiwa imekusanyika katikati, na matundu yamekusanyika vizuri lakini pembeni, wewe huna kosa. Ni kilengeo tu kinachohitaji kusogezwa.

Misalaba ikiwa katikati na matundu yametapakaa ovyo, weka mkono wako kando kwa muda. Kagua skrubu za kitako, skrubu za vishikio vya darubini, mdomo wa mtutu kama una kovu, aina ya risasi, kisha upepo. Anza na skrubu. Kwa bunduki za upepo za springi, skrubu za kitako hulegea kwa mtikisiko, na kuzikaza kabla ya kila zoezi ni kazi ya dakika moja.

Liko na la nne, ambalo watu huona haya kulikiri. Mtu anaulizwa ametaja nini na hana jibu, kwa sababu hakuona kitu. Maana yake jicho lilijifumba kabla ya mlio. Huo ni mshtuko, na nitaurudia, kwa kuwa ndio unaowakwamisha wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote wa shabaha.

Kabla sijaendelea, usalama. Bunduki zote tunazihesabu kuwa zina risasi hadi chemba, yaani mahali risasi inapokaa, ionekane tupu kwa macho na kuguswa kwa kidole. Mdomo wa mtutu hauelekei mtu wakati wowote. Kidole kinakaa nje ya triga hadi kilengeo kiwe juu ya shabaha. Na ujue kilichoko nyuma ya shabaha. Wahenga walisema mlenga jiwe kundini hajui limpataye. Risasi ndogo ya .22 huruka zaidi ya kilomita moja na nusu ikiachiwa, na hiyo inatosha kuvuka mashamba kadhaa. Shamba la mikorosho si uwanja wa shabaha, hasa kuanzia mwezi wa kumi, watu wanapokuwa wameinama chini ya miti kuokota korosho bila kuonekana. Usilenge kuelekea maji ya ghuba, risasi hudunda juu ya maji kama kijiwe cha bapa. Tuta la nyuma liwe la udongo au mchanga usio na mawe. Kibali cha silaha kinatolewa kupitia Polisi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, na ambaye anafikiria kununua hata bunduki ya upepo aulize kwanza kituoni. Masikio yazibwe, macho yavikwe miwani. Risasi ni madini ya sumu: msiziweke mdomoni wakati wa kupakia, na msile karanga wala muhogo mstarini kabla ya kunawa kwa sabuni.

Sasa turudi kwa yule ambaye bunduki inamtii lakini mkono unayumba. Jambo la kwanza la kumwambia ni kwamba kuyumba si adui mkubwa anavyodhani. Tupige hesabu. Kuna makosa mawili tofauti. La kwanza, bunduki nzima inasogea milimita 5 kulia huku vilengeo viwili vikiwa vimepangana sawasawa. Risasi inakwenda milimita 5 kulia, basi, hata kama shabaha iko mita 50. La pili, bunduki imetulia lakini kilengeo cha mbele kimehama milimita 1 tu ndani ya mwanya wa kilengeo cha nyuma. Kama kati ya vilengeo hivyo kuna sentimita 50, ile milimita 1 inakuwa milimita 100 katika mita 50. Milimita moja inazaa sentimita kumi. Kwa bastola yenye sentimita 15 kati ya vilengeo, milimita hiyohiyo moja inakupeleka nje zaidi ya sentimita 16 katika mita 25.

Ndiyo maana tunasema jicho liangalie kilengeo cha mbele, wala si karatasi. Jicho haliwezi kuona wazi vitu viwili vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja. Kilengeo cha mbele kiwe kikali, kingo zake zionekane kama zimekatwa kwa wembe. Kilengeo cha nyuma kiwe na ukungu kidogo. Duara jeusi la shabaha liwe na ukungu zaidi. Wanaoanza hulalamika kwamba hawaioni shabaha vizuri. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Duara lenye ukungu bado lina katikati, na jicho linaipata lenyewe.

Jua letu linaharibu hapo pia. Kilengeo cha chuma kikipigwa na jua upande mmoja, upande ule hung'aa na jicho hukosea katikati yake. Washa koroboi, shikilia kilengeo juu ya moshi hadi kiwe na masizi meusi yasiyong'aa, bunduki ikiwa tupu na risasi zikiwa mbali. Masizi hayo hufutika kwa kitambaa, na hakuna rangi ya dukani inayoyashinda.

Waliovuka miaka 40 na kuanza kushika gazeti kwa mkono ulionyooka wana tatizo la ziada: kilengeo cha mbele hakiwezi kuwa kikali hata wakijitahidi. Mazoezi hayatibu hilo. Nendeni kwa daktari wa macho, mumpe kipimo cha umbali kutoka jichoni hadi kilengeo cha mbele kwa futi kamba, mwambieni mnahitaji kuona wazi pale. Kwa bunduki ndefu nyongeza ya nusu diopta, kipimo cha nguvu ya miwani, juu ya miwani ya mbali mara nyingi inatosha. Miwani ya kusomea ina nguvu kupita kiasi. Itafanya duara litoweke kabisa.

Na jicho lenyewe ni lipi? Nyoosha mikono, unganisha viganja uache kitundu kidogo, tazama kitu cha mbali kupitia kitundu hicho macho yote yakiwa wazi, kisha fumba moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo linalotawala. Mwenye mkono wa kulia na jicho la kushoto linalotawala atahangaika miaka. Ana njia mbili: kubandika kipande cha karatasi ya ukungu kwenye kioo cha kushoto cha miwani, au kuhamia bega la kushoto. Wengi hukataa kuhamia bega, wakisema mkono hauzoei. Károly Takács wa Hungaria aliumizwa mkono wa kulia na bomu la mkono mwaka 1938, akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, na akashinda dhahabu ya bastola katika Olimpiki za London 1948 na Helsinki 1952. Mkono huzoea.

Usifumbe jicho lisilotumika kwa kulikunja. Misuli ya uso huvutana na jicho la kulengea nalo huchoka. Wale mlioona kwenye simu zenu picha za Yusuf Dikeç wa Uturuki, aliyepata fedha ya bastola ya upepo ya timu mchanganyiko Paris mwaka 2024 pamoja na Şevval İlayda Tarhan, mtakumbuka kuwa macho yake yote mawili yalikuwa wazi na mkono mmoja ulikuwa mfukoni. Wengi walidhani ni majivuno. Mkono usiofanya kazi ukining'inia hewani unayumbisha bega. Mfukoni, au ukishikizwa kwenye mkanda, unatulia. Ni mbinu ya kawaida kabisa ya walenga bastola, nanyi ifanyeni.

Tufike kwenye triga. Mtu mwenye vilengeo vilivyopangana anaweza kuharibu kila kitu ndani ya sekunde ya mwisho. Anaona duara limekaa pazuri, anajiambia "sasa!", anachapa. Ile "sasa" ndiyo inayoua shabaha. Kidole kikichapa, vidole vingine vinne hukaza pamoja nacho, na kifundo cha mkono huinama. Kwa mlenga bastola wa mkono wa kulia matundu hujazana chini kushoto, na ukiona karatasi ya namna hiyo usiguse kilengeo. Weka katikati ya pingili ya kwanza ya kidole juu ya triga, si kwenye mkunjo wa kiungo. Ongeza uzito taratibu, ukivuta moja kwa moja nyuma, huku ukikubali kwamba kilengeo kinachezacheza ndani ya eneo lake. Mlio ukutokee, usiuite. Ukisikika, baki vilevile. Hesabu moja, mbili, kidole kikiwa bado kimevutwa, jicho bado liko kwenye kilengeo. Hapo ndipo unapopata cha kutaja. Anayeinua kichwa kuchungulia karatasi huanza kukiinua kabla risasi haijatoka mtutuni, tena bila kujua.

Mshtuko unatokana na sauti kuliko teke la bunduki. Ndiyo sababu hata .22, ambayo haina teke la kumuumiza mtoto, huwashtua watu wazima. Ziba masikio mara mbili, vizibo vya ndani na vifuniko vya nje. Kisha fanya jaribio hili. Mwenzio apakie bunduki yako wewe ukiwa umegeuka. Mara nyingine aweke risasi, mara nyingine aache tupu, wewe usijue. Lenga na fyatua ukiamini kuwa ina risasi. Ikiwa tupu, na mdomo wa mtutu ukachomoka kwenda chini, kila aliyesimama pembeni ataona, nawe utaona. Hakuna maneno yanayofundisha kama kuona hivyo. Rudieni mara 20, tupu ziwe nyingi kuliko zenye risasi, na katika majuma machache mtutu hutulia.

Nyumbani zoezi ni kufyatua bila risasi, na hata walenga shabaha wa Olimpiki hulifanya sana. Risasi zikae chumba kingine kwa kufuli. Kagua chemba mara mbili. Elekea ukuta wa matofali ambao nyuma yake hakuna mtu. Dakika 15, siku 4 kwa wiki, zinatosha. Baada ya hapo umakini umekwisha na unajifunza makosa. Wiki ya kwanza usiweke shabaha yoyote, lenga ukuta mtupu, ili jicho lisiwe na kitu cha kukimbilia zaidi ya kilengeo. Wiki ya pili weka sarafu ya shilingi 100 juu ya mtutu karibu na mdomo, ukifyatua isidondoke. Wiki ya tatu bandika kiduara cheusi. Duara la bastola ya upepo lina upana wa milimita 59.5 kwa mita 10, kwa hiyo barazani kwenye mita 5 chora la milimita 30.

Onyo kwa wenye bunduki za upepo za springi: msifyatue tupu. Pistoni hutegemea hewa iliyobanwa nyuma ya risasi kuipunguzia kasi. Bila risasi hugonga chuma kwa chuma na kuharibu mpira wake wa kuzuia hewa, au springi. Na .22 za zamani pini yake inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuacha kovu. Tumieni risasi bandia, au muulizeni fundi kwanza.

Bunduki hizo za springi zina jambo lake jingine. Pistoni huanza kusukuma bunduki nyuma, kisha mbele, wakati risasi ingali ndani ya mtutu. Ukiibana kwa nguvu tofauti kila mara, itaruka tofauti kila mara, na ndiyo maana mtu mwenye nguvu za kubeba gunia la korosho hulenga vibaya kuliko kijana mwembamba. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, mahali palepale kila mlio, vidole visiifumbate. Bega liiguse tu. Usiilaze moja kwa moja juu ya meza au mfuko wa mchanga, weka kiganja chako katikati. Mitikisiko hiyo ya kwenda mbele huvunja darubini za kawaida. Inunuliwe iliyotengenezwa kwa bunduki za upepo.

Kuhusu mwili sitakaa sana, maana tutaufanya mstarini. Lenga, fumba macho, vuta na toa pumzi mara mbili, fumbua. Kilengeo kikiwa kimehamia kushoto, usikirudishe kwa mikono. Sogeza mguu wa nyuma hadi ukifumba na kufumbua kikae chenyewe. Mikono ikikirudisha, misuli itakisukuma tena kushoto wakati wa mlio. Pumzi itoke nusu, isimame. Baada ya sekunde 8 hivi jicho linaanza kukudanganya na mapigo ya moyo yanaonekana kwenye kilengeo. Kama mlio haujatokea, shusha bunduki. Kushusha bunduki ni ustadi, na wengi hawana. Katika shindano la bunduki ya upepo mita 10 mlenga shabaha ana dakika 75 kwa milio 60, yaani sekunde 75 kwa kila mmoja, ili alipate duara la 10 lenye upana wa nusu milimita. Sisi humaliza boksi la 50 katika dakika 10, kisha tunailaumu bunduki.

Sasa upepo, ambao Mtwara hauepukiki. Kusi hutawala tangu mwezi wa nne hivi hadi wa tisa, kaskazi kuanzia wa kumi na moja hadi wa tatu, na juu ya yote hayo kuna upepo wa bahari unaoingia jua likipanda. Risasi ya .22 ya kasi ya kawaida, mita 330 kwa sekunde, ikipigwa ubavuni na upepo wa kilomita 16 kwa saa, husukumwa yapata sentimita 2 na nusu katika mita 50. Katika mita 100 husukumwa karibu mara nne ya hapo, maana umbali ukizidi mara mbili upepo huongeza zaidi ya mara mbili. Upepo wa mshazari wa nyuzi 45 una asilimia 70 ya nguvu hiyo, wa nyuzi 30 una nusu. Watu hudhani risasi za .22 za kasi kubwa, zile za mita 380, hukata upepo. Ni kinyume. Sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde katika joto letu. Risasi inayoanza juu ya kasi hiyo hupoteza mwendo haraka inapoishukia, na upepo huisukuma zaidi ya ile ya polepole.

Chaneni utepe wa kanga iliyochakaa, upana wa vidole viwili, urefu wa mkono, mfunge juu ya fito. Fito moja iwe mita 10 mbele yenu, nyingine katikati. Ya karibu ndiyo muhimu kuliko, kwa sababu risasi iliyosukumwa mapema ina safari ndefu ya kuendelea kupotoka. Msijaribu kurekebisha kwa kila upepo. Chagueni hali moja, utepe ukiwa umeinuka nusu kwa mfano, na mfyatue katika hali hiyo tu. Mingine mingojee. Kwa bunduki ya upepo, ambayo risasi yake ni nyepesi, baada ya saa nne asubuhi karatasi ya nje haiwezi kukufundisha kitu.

Kusogeza kilengeo kunakuja mwisho, na ni hesabu tu. Kirungu cha kurekebishia cha darubini nyingi hulia tiki kikizungushwa, na kila tiki ni robo dakika ya nyuzi (dakika ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi), ambayo ni milimita 7 kwa mita 100, milimita 3.6 kwa mita 50, chini ya milimita 1 kwa mita 10. Piga matundu 10. Matatu yanadanganya; yanaweza kukaa pamoja kwa bahati. Tafuta katikati ya hayo 10 kwa rula. Kama katikati hiyo iko milimita 36 chini na 18 kulia katika mita 50, zungusha tiki 10 juu na 5 kushoto, mara moja, kisha piga tena 10. Kwa vilengeo vya chuma, cha nyuma kisogezwe upande unaotaka tundu liende, cha mbele kinyume chake. Anayezungusha baada ya kila tundu anakimbiza kivuli chake. Darubini nyingi pia zimepangwa kwa mita 100: kwenye mita 10, ukisogeza kichwa bila kugusa bunduki, utaona msalaba wa ndani ya darubini unahama juu ya shabaha. Dawa ni shavu kukaa kwenye kitako mahali palepale. Bandika kipande cha plasta pale ili ngozi ipajue.

Neno la utunzaji, kwa sababu chumvi ya bahari hula chuma kimyakimya hadi Mikindani na Msimbati. Futa jasho la vidole kila baada ya zoezi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya bunduki. Usitumie mafuta ya nazi. Mmeyaona yanavyoganda chupani mwezi wa saba. Yataganda vilevile ndani ya mtambo. Usihifadhi bunduki ndani ya ala ya ngozi au sanduku la sponji, vinanyonya unyevu na kuushikilia. Kabla ya kufyatua, pitisha kitambaa kikavu mtutuni, maana mafuta yaliyobaki hupeleka tundu la kwanza pengine. Kwa bunduki ya springi, mafuta ndani ya silinda huwaka kwa mbano wa hewa. Utasikia mlio mkali na kuona moshi, na risasi zitakwenda juu na chini bila sababu. Mtutu wa .22 uliosafishwa kabisa unahitaji milio 5 hadi 10 ya kuchafuka kabla ya kutulia, kwa hiyo usiisafishe asubuhi ya mashindano.

Nina la mwisho kabla ya kushuka. Olimpiki ya Athens mwaka 2004, Matthew Emmons wa Marekani alikuwa anaongoza fainali ya bunduki mita 50, mikao mitatu, akibakiwa na mlio mmoja. Alilenga vizuri kabisa, akapiga shabaha ya jirani yake. Akashuka hadi nafasi ya nane. Mstarini kwetu kuna namba 6 zimeandikwa juu ya mbao na 6 chini ya miguu. Kutaja kwako kuanze na namba: "Nne." Kisha inua bunduki.

Sita wa kwanza wajiandae. Kila mmoja achukue karatasi mbili, penseli moja na risasi 10. Hakuna atakayegusa kilengeo wala darubini hadi karatasi zote zirudi hapa mezani na misalaba ihesabiwe mbele ya mwenzake. Filimbi moja ni kuanza, filimbi tatu fupi ni kuacha papo hapo, chemba wazi, bunduki mezani, na kila mtu hatua mbili nyuma. Utepe wa mita 10 unaning'inia wima bado. Twendeni.